Jinsi ya kutengeneza maudhui ya kweli kuhusu maisha ya kila siku ya India: mwongozo kamili

Maudhui mengi ya Kiswahili kuhusu India yanaharibikia kwenye kichwa cha habari: "Wahindi wanavyoishi", "Chakula cha Wahindi", "Ndoa za Kihindi". Nchi yenye majimbo 28, maeneo 8 yaliyo chini ya serikali kuu na lugha 22 zilizoorodheshwa kwenye katiba haina kifungua kinywa kimoja wala ndoa ya namna moja. Desturi ni za nyumba, za mtaa, za jamii. Kazi yako ni kushuka hadi huko.

Hapa tunafuata kazi moja toka mwanzo hadi mwisho: video ya dakika saba kuhusu asubuhi ya nyumba moja Mylapore, mtaa mkongwe wa jiji la Chennai, jimbo la Tamil Nadu. Anayeandika makala au kupiga picha atumie hatua hizo hizo, aruke tu mambo ya sauti.

Hatua ya 1: Punguza mada mpaka iingie kwenye nyumba moja

Kabla ya kushika kamera, andika sentensi yenye mambo matano: mahali, lugha ya nyumbani, dini au jamii, saa, na kitendo. Mfano: "Mylapore, Chennai, familia ya Kitamil, Wahindu wasiokula nyama, kuanzia alfajiri hadi saa 2 asubuhi, kuchora kolam (michoro ya unga) mlangoni na kuandaa kahawa." Likikosekana jambo moja, mada bado ni pana mno.

Diwali ndiyo mtego mkubwa kuliko yote. Mwandishi anaandika "sikukuu ya taa ya Wahindi", anaweka picha ya vibatari, amemaliza. Lakini Gujarat sikukuu hiyo inafuatwa na mwaka mpya, na wafanyabiashara wanafungua vitabu vipya vya hesabu. Bengali ya Magharibi usiku huo ni wa mungu wa kike aitwaye Kali. Tamil Nadu shughuli kuu ni kuoga kwa mafuta ya ufuta kabla ya jua kuchomoza, na mara nyingi inafanyika siku moja kabla ya ile ya kaskazini. Masingasinga wana sababu yao ya kuwasha taa Amritsar, Wajaini wanakumbuka kifo cha Mahavira, mwalimu wao mkuu, na Kerala watu wengi wanaisubiri zaidi Onam, sikukuu yao ya mavuno. Chagua mojawapo ya hizo. Zote kwa pamoja hazitoshi kwenye dakika saba.

Chakula nacho kina dhana zake. Si kweli kwamba Wahindi hawali nyama: katika utafiti wa Pew uliotolewa 2021, asilimia 39 ya watu wazima ndio waliosema hawali. Rajasthan na Gujarat wasiokula ni wengi. Kerala, Bengali na Nagaland samaki au nyama ni chakula cha kawaida. Na chapati yetu, ile ya kukunjwa na mafuta ikatoka na tabaka, iko karibu zaidi na paratha. Roti ya kila siku ya kaskazini ni unga wa atta (ngano isiyokobolewa) na maji tu, inapikwa kwenye tawa kavu halafu inavimbishwa juu ya moto. Ukiiita "chapati" bila maelezo, mtazamaji wa Tanga au Kisumu ataona chapati ya nyumbani kwao.

Hata mfano wetu una upande wake. Mylapore ni mtaa wa hekalu la Kapaleeshwarar na wa familia nyingi za Kibrahmini (tabaka la makuhani), na ile picha ya "asubuhi ya Kitamil" yenye kahawa na idli (vikate vya mvuke vya mchele na dengu) imetokana sana na nyumba za aina hiyo. Nenda Kasimedu, kwenye bandari ya wavuvi ya jiji hilo hilo, utakuta asubuhi nyingine kabisa, yenye samaki na kelele za mnada. Sema hivyo ndani ya video, sekunde kumi zinatosha.

Hatua ya 2: India, au Wahindi wa Afrika Mashariki?

Asiyeweza kusafiri anaweza kurekodi Ngara na Parklands jijini Nairobi, Kisutu au Upanga jijini Dar es Salaam. Ni mada nzuri, ila ni mada yake. Wengi wa wazee wa familia hizo walitoka Kutch, Kathiawar, Punjab na Goa, baadhi kabla ya reli ya Uganda na baadhi wakati wa ujenzi wake, kati ya 1896 na 1901. Wameishi huku vizazi vitatu, vinne, vitano. Mwaka 2017 serikali ya Kenya iliwatambua kama kabila la 44. Jikoni kwao kuna mihogo, ukwaju na ugali. Usiwarekodi halafu ukaandika "hivi ndivyo wanavyoishi Gujarat".

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna mada ya tatu yenye uzito wake: Wasiddi, raia wa India wenye asili ya Afrika, wanaoishi hasa Gujarat na Karnataka. Kijiji cha Jambur, karibu na msitu wa Gir, kinajulikana kwa ngoma yao iitwayo goma au dhamal, na kwenye wilaya ya Bharuch kuna kaburi takatifu la Bava Gor, walii wao, katika eneo la kale la uchimbaji wa akiki. Kosa linalorudiwa ni kuwaonyesha kama "Waafrika waliopotea". Lugha yao Gujarat ni Kigujarati, na mambo yanayowaumiza kichwa ni ajira, ardhi na ada za shule. Watalii wamezoea kufika Jambur, kulipia ngoma na kuondoka. Ukitaka maudhui ya kweli, rekodi duka, shamba au mwalimu, ngoma iwe ya mwisho.

Hatua ya 3: Tafuta nyumba, na mtu wa kukuingiza

Usianze na mtu anayetafuta umaarufu mtandaoni, atakupa onyesho. Anza na mtu mwenye kazi yake mtaani: mwalimu wa muziki, muuza maua karibu na hekalu, mwanafunzi aliyewahi kusoma na mtu unayemfahamu. Huyo ndiye atakayekutambulisha kwa nyumba.

Usitume viungo vya TikTok. Imefungiwa India tangu mwishoni mwa Juni 2020, kwa hiyo mfano wa kazi yako hautafunguka. Tuma YouTube au Instagram, na mazungumzo yafanyike WhatsApp. India iko mbele ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala kwa saa 2 na nusu, na mbele ya Kigali, Bujumbura na Lubumbashi kwa saa 3 na nusu. Mama wa nyumba anayepata nafasi ya kupumua saa 4 asubuhi Chennai, kwako Dar ni saa 1 na nusu.

Namna ya kumwita mtu inakufungulia mlango au inakufungia. Chennai mwanamke aliyekuzidi kidogo ni *akka*, mwanamume ni *anna*, aliye rika la mama yako ni *amma*. Gujarat unaongeza *ben* au *bhai* mwishoni mwa jina. Kolkata ni *didi* na *dada*, na huyo *dada* ni mwanamume, usichanganyikiwe. Salamu ya Kitamil ni *vanakkam*. Kuingia nyumba ya Kitamil ukitoa maneno ya Kihindi cha Delhi uliyoyaokota kwenye filamu ni kugusa kidonda: jimbo hilo limepinga kulazimishwa Kihindi tangu miaka ya 1930.

Majina pia. Watamil wengi hawana jina la ukoo. Herufi ya mwanzo ni ya jina la baba. Mtu anayeitwa K. Meenakshi jina lake ni Meenakshi. Usimdai "jina la pili", na usiulize ukoo kwa nia ya kujua tabaka. Mwenyewe akilitaja na akaridhia, lirekodi kama alivyolisema.

Kuhusu sheria: viza ya utalii si ya uandishi wa habari wala filamu ya biashara. Kama chaneli yako inaingiza pesa, uliza ubalozi kwa maandishi kabla ya kukata tiketi. Droni iache nyumbani. Februari 2022 India ilipiga marufuku kuingiza droni zilizokamilika, isipokuwa kwa matumizi machache kama ulinzi na utafiti.

Hatua ya 4: Kijue kitendo kabla ya kukirekodi

Hapa ndipo kazi nyingi zinapofia. Mpiga picha asiyejua kinachofuata anafika kila tukio likiwa limepita. Jifunze mpangilio wa kitendo mpaka uweze kukisimulia bila kuangalia.

*Kolam.* Ni michoro ya unga mlangoni. Kwanza kizingiti kinafagiwa na kumwagiwa maji. Sakafu ikiwa bado na unyevu, mchoraji anachukua unga wa mchele kwenye kiganja na kuuachia kati ya kidole gumba na cha shahada. Anaanza na nukta, tuseme 7 kwa 7, kisha anazungusha mstari kuzipita bila kuzigusa. Ndogo ya kila siku inamalizika kwa dakika tano. Ile ya mwezi wa Margazhi, katikati ya Desemba hadi katikati ya Januari, inaweza kuchukua saa nzima. Siku hizi wengi wanatumia unga wa mawe kwa sababu ni mweupe zaidi na rahisi kuuachia. Uliza ni upi unaotumika hapo, maana maelezo ya "unga wa mchele unaolisha sisimizi" hayana maana kwenye unga wa mawe. Nyumba yenye msiba haichori. Ukikuta kizingiti kitupu, usiombe kichorwe kwa ajili yako.

Chennai jua linachomoza kati ya saa 11:40 alfajiri na saa 12:40 asubuhi kulingana na mwezi, na kolam inaanza kabla ya hapo. Uwe umefika saa nzima mapema. Sakafu yenye maji ni nyeusi, unga ni mweupe. Kamera ikijiamulia itaongeza mwanga na mistari itaungua. Shusha mwanga hadi hasi 0.7 au hasi 1 na uufunge, funga pia mizani ya rangi (white balance). Kaa ubavuni mwa mchoraji, kimo cha goti, upande ambao mkono wake hauzibi. Usivuke mchoro, na begi lako lisikae kwenye njia yake ya kurudi nyuma. Huwezi kumwambia arudie.

*Kahawa.* Kichujio ni vyombo viwili vya chuma au shaba, kimoja juu ya kingine, cha juu kina matundu chini. Vijiko vikubwa 3 vya kahawa iliyosagwa laini na kuchanganywa na chikori, mzizi uliokaangwa na kusagwa (kahawa 80 kwa chikori 20 ni uwiano wa kawaida), inasawazishwa, inagandamizwa kidogo kwa kisahani chenye mpini, inamiminiwa maji ya moto mililita 150, inafunikwa. Chikori inashikilia maji yapite polepole. Subiri dakika 20 hadi 30. Nyumba nyingi zinaiweka tangu usiku. Ukigandamiza mno, au kahawa ikiwa laini kupita kiasi, haitadondoka hata tone. Ukiiacha legelege, maji yanapita mbio na unapata maji ya kahawia. Sehemu 1 ya kahawa hiyo nzito inachanganywa na sehemu 3 za maziwa yanayotoka motoni, sukari inatiwa, halafu inamiminwa toka bilauri kwenda kwenye bakuli lake, *davara*, na kurudi, mara tatu au nne, hadi itoe povu.

Mmimino huo ndio picha yako bora. Weka kamera ubavuni, nyuma kuwe na giza, dirisha liwe upande. Rekodi mara moja, au mbili kama vikombe ni viwili. Kahawa iliyomiminwa mara kumi kwa ajili ya kamera imepoa, na mwenye nyumba ataona umechezea maziwa yake.

*Idli* inaanza jana yake. Mchele wa kuchemshwa kabla ya kukobolewa sehemu 4, urad dal (aina ya dengu) iliyokobolewa sehemu 1, vinalowekwa mbalimbali saa 4 hadi 6 pamoja na uwatu nusu kijiko, vinasagwa, vinaumuka saa 8 hadi 12, kisha mvuke dakika 10 hadi 12. Anayefika asubuhi peke yake amekosa kazi yote, ameona kufunuliwa sufuria. Anayetaka kuirudia Nairobi mwezi wa Julai aongeze saa za kuumua. Kwa baridi ile hata saa 16 zinaweza zisitoshe.

Hatua ya 5: Siku ya kurekodi

Nenda asubuhi mbili. Ya kwanza bila kamera kabisa.

Viatu vinabaki mlangoni. Jikoni usiingie mpaka uambiwe. Katika nyumba zenye msimamo mkali jikoni pana utaratibu wa usafi unaohusiana na ibada. Kona ya sala iulizie peke yake, hata kama umeruhusiwa nyumba nzima. Ndani kabisa ya hekalu, anapokaa mungu, kamera haingii.

Kosa ambalo wageni hawalioni ni kuonja. Katika nyumba nyingi za Wahindu wenye ibada chakula kinatolewa kwanza kwa mungu, na mpishi haonji kabla ya hapo. Kumwambia "onja kidogo tukuone" ni kumtia majaribuni mbele ya kamera. Vilevile mwiko uliogusa mdomo haurudi sufuriani, na chupa ya maji ya kushirikiana inanywewa juu juu bila kuigusisha midomo. Mtangazaji anayeonja kwa mwiko wa mwenyeji amekwisha kuharibu chungu kizima.

Mavazi: mwenyeji wako huenda asubuhi amevaa *nightie*, gauni pana refu mfano wa dera, na taulo begani. Hilo ndilo vazi la jikoni la wanawake wengi wa mjini, na kwenye video za kitalii halionekani kamwe. Akitaka kuvaa sari kwa ajili ya kamera, mwache, ni heshima yake. Ila usimwombe wewe, na usije ukasema kwenye sauti kwamba anapika hivyo kila siku.

Kwa upande wa vifaa, umeme wa India ni wa 50 Hz kama wa kwetu, kwa hiyo rekodi fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50, la sivyo taa ya tyubu italeta mistari. Soketi zake ni za pini za duara, beba adapta. Maikrofoni ya kubana nguoni iwe kwa anayepika, na feni ya dari izimwe wakati wa mazungumzo pekee, maana joto la Chennai si la mchezo. Baada ya kila tendo, rekodi dakika moja ya sauti tupu: firimbi za presha kuka (wanazihesabu, kila chakula kina idadi yake), kunguru, honi, muuza maua.

Redio ni tatizo. Rekodi nyingi za nyimbo za ibada za asubuhi ni mali ya kampuni za muziki, na mfumo wa YouTube unaweza kuzitambua. Omba izimwe kwa dakika chache unazohitaji mazungumzo.

Idhini iwe ya maandishi kwa Kitamil, ikitaja wapi video itatumika na kwamba wanaweza kuomba kipande kiondolewe kabla haijatoka. Ya watoto isainiwe na mzazi.

Hatua ya 6: Hati ya masimulizi

Kiswahili kina hu- ya mazoea, na ndiyo inayowaponza waandishi wetu. "Wahindi huchora milango yao", "Wahindi hula kwa mkono". Pitia hati, tafuta kila kitenzi chenye hu-, na ubadilishe mtendaji: "Meenakshi anachora kila alfajiri, jirani yake wa ghorofani amebandika stika ya kolam." Sentensi inakuwa ndefu kidogo, lakini hakuna wa kukubishia. Bakiza hu- kwa yale tu ambayo watu watatu tofauti wamekuthibitishia.

Tenganisha pia Mhindi na Mhindu: wa kwanza ni mtu wa India, wa pili ni muumini. Kuna Wahindi Waislamu zaidi ya milioni 170 kwa sensa ya 2011, na Wakristo wa Kerala walikuwapo kabla ya Mreno yeyote. "Kalasinga" na "ponjoro" viache vijiweni.

Tarakimu zinadanganya. India inaandika 1,00,000 kwa laki moja, na *crore* ni milioni kumi. Nyumba ya crore 2 ni ya rupia milioni 20. Andika bei kwa rupia pamoja na mwezi na mwaka, ndipo utoe makadirio ya shilingi. Miji iandike kwa majina ya sasa: Mumbai, Chennai, Kolkata, Bengaluru.

Manukuu ya chini yasizidi mistari miwili ya herufi 40. Maneno ya Kiswahili ni marefu, kwa hiyo punguza maelezo, si muda wa kusoma. Tafsiri itoke Kitamil moja kwa moja au kwa Kiingereza, lakini majina ya vyakula na ya ndugu yabaki kama yalivyo.

Muziki: sitar ni ala ya kaskazini. Kuiweka chini ya asubuhi ya Chennai ni kama kuweka taarabu kwenye harusi ya Kimasai. Tafuta muziki wenye leseni wa ala za kusini kama veena, mridangam au nadaswaram, au uache sauti za nyumba zenyewe. Na usiongeze ule unjano wa "nchi ya joto" kwenye rangi; unga wa kolam ni mweupe, uonekane mweupe.

Hatua ya 7: Ukaguzi

Toleo la kwanza la video lionwe na watu watatu: mwenye nyumba, Mtamil wa jamii nyingine au dini nyingine, na mzee. Usiulize "iko sawa?" Utajibiwa ndiyo kwa adabu, na kile kichwa kinachoyumba kushoto na kulia hakitakusaidia kujua ni ndiyo ya namna gani. Uliza mambo ya kushikika: neno hili nimelitamka sawa? Kitendo kipi kimetangulizwa kimakosa? Sentensi gani ungeifuta? Wakitofautiana, na watatofautiana, uweke ubishi huo ndani ya video. Wakaguzi wawili wakibishana kuhusu kiasi cha chikori wanaeleza zaidi ya aya yako.

Hatua ya 8: Kutoa

Kichwa kitaje mahali: "Asubuhi ya nyumba moja Mylapore, Chennai". Kwenye maelezo andika mwezi wa kurekodi na majina ya walioridhia kutajwa. Nyumba isionekane namba wala kona ya barabara. Wakija wa kukusahihisha, bandika sahihisho juu ya maoni badala ya kulijibu chini chini.

Mtumie mwenyeji nakala kamili kabla ya umma kuiona. WhatsApp inaipunguzia ubora video ikitumwa kama video. Itume kama faili, au kwa kiungo cha kupakulia, na picha tano sita safi za familia ambazo hukuzitumia popote.